Namba ya Damu Si Siku ya Kufa

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo naongea nawe kutoka Kagarama, hapa Kicukiro, Kigali.

Juzi nilimkuta huku mama mmoja wa kambini. Amefikia kwa dada yake, anasubiri tarehe ya kurudi hospitali. Ana saratani ya utumbo mpana na anangojea kupasuliwa. Mkononi ana karatasi ya maabara: herufi CEA, na namba 18. Jirani amemwambia, "Mama, hizo ndizo wiki zilizokubakia." Akaanza kufunga mizigo ili akafie karibu na watoto wake.

Ndugu yangu, kama nawe una karatasi kama hiyo, nisikilize.

CEA ni protini. Iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman, huko Montreal, Kanada. Uvimbe wa utumbo mpana mara nyingi huimwaga kwenye damu. Kwa maabara nyingi, chini ya 5 ni kawaida. Ikiwa juu kabla ya upasuaji, ni onyo kwamba ugonjwa unaweza kuwa mzito zaidi. Lakini haihesabu wiki wala siku. Hata sigara huipandisha, na magonjwa ya ini pia.

Daktari anaangalia namba inakoelekea. Baada ya upasuaji inatakiwa ishuke. Ikipanda tena, anatafuta mapema kama uvimbe umerudi. Ndiyo sababu unaitwa kupimwa tena na tena. Ukikimbia baada ya kipimo cha kwanza, umefunga njia hiyo mwenyewe.

Tena kuna protini inayoitwa KIT. Hupimwa kwenye kipande cha nyama ya uvimbe, na husaidia kutambua uvimbe adimu wa tumbo uitwao GIST. Zamani uvimbe huo ukisambaa, wengi hawakuvuka miaka 2. Kisha vikaja vidonge vya imatinib, vinavyoizima protini hiyo. Katika majaribio ya mwanzo, karibu nusu ya wagonjwa walifika miaka 5.

Kwa hiyo ukipewa majibu, muulize daktari mambo matatu: Namba hii inaonyesha nini? Kuna dawa inayolingana nayo? Nirudi lini? Kama lugha inakushinda, omba mtu akutafsirie. Na wewe ambaye hujapimwa, ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au chakula kinakwama kooni, nenda kliniki ya kambi, waombe wakuangalie. Rwanda ina kituo cha saratani Butaro, wilayani Burera, tangu 2012. Safari ya kufika kwa wataalamu huanzia pale kliniki.

Yule mama bado ni mgonjwa, sikudanganyi. Lakini jana alifungua mizigo yake. Tarehe ikifika, atakwenda.

[Muziki unapanda]