KUZITIA ANWANI ZA MAKAZI KATIKA RAMANI
Maelezo yaliyotolewa mbele ya Masheha na watumishi wa Serikali, Unguja



Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, imetuachia nambari milangoni na majina njiani. Lakini nambari ya mlangoni haimfikishi dereva wa zimamoto usiku, iwapo haimo katika ramani anayoitazama.

Programu tutakayoitumia ni QGIS, iliyoasisiwa na Gary Sherman mwaka 2002. Haina ada ya leseni, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote atakaye kuukagua.

Naomba nieleweke: programu haijui nyumba ya mtu iko wapi. Orodha yenye jina la njia na nambari ni maandishi tu. Hugeuka nukta pale kila mstari unapoongezwa safu mbili, ya longitudo na ya latitudo. Hapo ndipo makosa yanapoingia. Mji Mkongwe uko karibu na longitudo 39.19, na latitudo 6.16 kusini ya Ikweta. Hivyo latitudo yetu sharti itanguliwe na alama ya kutoa. Mwandishi akiisahau alama hiyo, Forodhani itaangukia Ethiopia. Akiiweka, lakini akazibadilisha safu, itakwenda Hispania, jirani na Cáceres!

Makosa hayo hujitangaza yenyewe. Mimi naliogopa zaidi lile dogo. Ramani zetu za zamani za upimaji zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, ilhali simu hupima kwa WGS 84. Vipimo vikichanganywa bila ya programu kuarifiwa, nyumba husogea kiasi cha mita 300. Katika vichochoro vya Malindi au Shangani huo ni mtaa mwengine kabisa, na anayeitazama ramani hatoshtuka.

Ndiyo maana twawaomba Masheha wakae na watumishi wetu mbele ya kompyuta, nukta kwa nukta. Sheha ndiye ajuaye kuwa nyumba fulani mlango wake uko uani, na kwamba gari haifiki ila kwa upande wa pili. Picha ya angani hailionyeshi hilo.

Majina na nambari za simu za wakaazi ziondolewe katika orodha kabla ya kuletwa. Tuanze na shehia moja, tuihakiki kwa miguu, ndipo tuendelee na nyengine.