Vidole Visomavyo
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama



Mmetuagiza tuseme habari za watoto wasioona na wasiosikia katika Kisii na Nyamira. Hapana budi tuanze na kosa letu wenyewe. Katika taarifa zetu za miaka mitatu iliyopita liko fungu liitwalo “Wasiojiweza.” Humo tumeandika blanketi, unga na sukari tulivyopeleka katika nyumba moja ya upande wa Nyamira, kwa mtoto mwanamume asiyeona wala kusikia. Tulifika kila mwaka, tukaweka mizigo, tukaaga. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama mtoto yule aweza kufundishwa.

Mwaka huu mvua ilimzuia mwenzetu mmoja, akakaa nyumbani mle jioni nzima. Akaona kwamba mama, kabla ya kumlisha mwanawe, humgusa midomo mara mbili. Akienda kuchuma chai, humshikisha kwanza mkanda wa kikapu. Akitaka kumwosha, humchovya vidole majini. Na mtoto, alipopatwa na kiu, aliutafuta mkono wa mama akaukunja mfano wa kikombe. Kumbe shule ilikuwa imekwisha kufunguliwa humo, nasi tulikuwa tukipita mlangoni na unga.

Jambo hili si geni duniani. Helen Keller wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1880, alipoteza kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19. Mwaka 1887 mwalimu wake, Anne Sullivan, aliutia mkono wake mmoja chini ya maji ya bomba, na katika kiganja cha pili akamwandikia kwa vidole jina la maji. Hapo ndipo mtoto alipofahamu kwamba kila kitu kina jina. Mwaka 1904 alipata shahada ya chuo kikuu.

Aliyasoma maandishi ya nukta nundu, yaitwayo Breli, kwa jina la Mfaransa Louis Braille, ambaye naye alipofuka utotoni. Aliyatangaza mwaka 1829. Msingi wake ni nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu. Nukta moja ya juu kushoto ni A. Ongeza ya chini kushoto, yawa K. Ongeza tena ya chini kulia, yawa U. Anayeandika kwa sindano na kibao huanza kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi ili nundu zisomwe kwa kidole kutoka kushoto. Asidhani mtu kwamba ni kazi ya miujiza. Kina mama wa Tabaka wasuguapo mawe ya sabuni kwa msasa ndani ya maji, ulaini wa jiwe huujua kwa kidole kabla ya jicho.

Katika nchi yetu elimu hii ina umri. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya Kibos, karibu na Kisumu, mwaka 1963. Katiba ya mwaka 2010 yaitaja Breli na Lugha ya Ishara ya Kenya kwa majina, na mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuzitumia.

Lakini mtoto wetu huyu ana shida yake peke yake. Mwalimu wa wasioona hutumaini sikio. Mwalimu wa viziwi hutumaini jicho. Yeye hana hili wala lile. Yampasa mwalimu wa kumfundisha mkono kwa mkono, ishara zikifanywa ndani ya viganja. Iko shule ya watoto wa namna hiyo Kabarnet, katika Baringo. Ni mbali, hatukatai.

Hapa twapenda kupenyeza neno kwa vijana waliooa karibuni. Mama mjamzito akipatwa na rubela, mtoto aweza kuzaliwa na mtoto wa jicho na uziwi pamoja. Tangu mwaka 2016 chanjo ya surua hapa Kenya hutolewa pamoja na ya rubela. Msiikose kliniki kwa sababu ya siku ya soko.

Tulipomweleza mama habari za Kabarnet, hakulia wala hakushukuru. Aliuliza: “Huko ni nani atakayejua kwamba mkono uliokunjwa ni kiu?” Mzee mmoja wa ukoo alisema mtoto aachwe alipo, kwa kuwa nyumbani anajulikana. Hatukuweza kumbeza, maana alisema kweli nusu.

Basi tuliketi na mama siku mbili, tukaandika kila ishara yake. Zilifika 23. Orodha hiyo tutaipeleka kwa mwalimu pamoja na mtoto. Na mama amekubali kwa sharti moja: aende naye, akae karibu mpaka mwalimu azijue zote.

Nauli ya mama na chakula chake cha majuma hayo havimo katika hesabu mlizogawiwa mlangoni. Twaomba viongezwe leo kabla hesabu hazijapitishwa, na fungu liandikwe “Elimu.”