Kabla Tangi la Gesi Halijazikwa

(Maelezo ya afisa wa mawasiliano katika mkutano wa wakaazi, Thika)

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni mawasiliano, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kubandika matangazo ambayo watu hawasomi. Leo nimekuja kwa sababu ya tangazo la aina moja tu: lile linalosema mtu ameomba kujenga ghala la gesi karibu nanyi.

Tuanze na haya maneno "chini ya ardhi", kwa maana yanachanganya. Marekani na Ujerumani, gesi asilia huhifadhiwa ndani ya miamba yenyewe, mamia ya mita chini. Husukumwa hadi mahali ambapo mafuta au gesi ilikuwa na ikaisha, au kwenye mapango ya chumvi, kisha hutolewa majira ya baridi. Mzee mmoja ameniuliza hapo nje kama machimbo ya mawe ya Ndarugu hayawezi kutumika hivyo. Swali zuri. Shimo pekee halitoshi. Panahitajika mwamba wenye vitundu vya kushika gesi, na juu yake mwamba mwingine usiopitisha kitu, kama kifuniko cha sufuria. Machimbo yako wazi. Maumbile yenyewe hufanya kazi hiyo mahali pengine: kule Lari, ndani ya kaunti yetu hii, kaboni dayoksaidi, ile inayotia povu kwenye soda, hutolewa ardhini kwa visima.

Hata kifuniko kikiwepo, kila kisima ni mlango. Oktoba 2015, huko Aliso Canyon karibu na Los Angeles, kisima kilichochimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta, kisha kikageuzwa cha kuhifadhi gesi, kilianza kuvuja. Kilizibwa Februari 2016, na maelfu ya familia walikuwa wamehama. Mwamba haukuwa na kosa. Bomba la chuma lilikuwa limeoza kwa kutu.

Kwetu hapa, ombi likija litakuwa la gesi ya kupikia, ile ya mitungi, ndani ya matangi ya chuma. Mengine husimama wazi, mengine huzikwa na kufunikwa udongo. Udongo huo una kazi yake: moto ukizuka jirani, tangi halichemki upesi. Tangi likichemka hupasuka, na hapo hata aliye mbali haponi. Lakini udongo hauzuii kuvuja kwenye vali na mipira ya kupakulia, wala haumzuii dereva mzembe. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu. Huteremka, hufuata mtaro, hulala bondeni. Ninyi mnaokaa kwenye miteremko ya Chania mnajua maji ya mvua hupita wapi. Gesi hupita hapo hapo, kimya, mpaka ikutane na jiko la mtu.

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi. Watu kadhaa walifariki, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wakiwa nyumbani mwao. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kituo cha gesi hapo mara tatu mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa wingi wa nyumba. Wizara ya Mazingira nayo ilisema kibali cha NEMA kilitolewa bila kufuata utaratibu. Karatasi ya kukataa ilikuwepo. Haikumzuia mtu.

Nami nina deni langu. Nikiwa mwanafunzi nilipanga chumba Githurai. Chini ya ngazi zetu jamaa alikuwa akijaza mitungi usiku, kutoka mkubwa hadi mdogo. Tulisikia harufu. Nilikuwa nasomea uandishi wa habari, jamani, na sikuandika hata mstari mmoja, kwa sababu alituuzia gesi kwa bei nafuu.

Kwa hivyo someni matangazo. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi hutakiwa kutangaza, na mkaazi hupewa siku 14 kupinga kwa maandishi. Ripoti ya mazingira nayo hutangazwa na NEMA, kwa kawaida na siku 30 za maoni. Ulizeni nyumba ya karibu iko umbali gani. Tanka litapita barabara ipi, na saa ngapi? Je, watoto watakuwa wakitoka shule? Zimamoto watapata maji wapi? Mkijibiwa "tutaangalia", andikeni kwamba mmejibiwa hivyo, na tarehe, kisha mbaki na nakala.

Na mtu wa kaunti asiwaambie hayo ni mambo ya Nairobi, hata nikiwa mimi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti mipango ya ardhi, usambazaji wa gesi na huduma za zimamoto. Leseni ya EPRA ni ya serikali kuu, lakini ruhusa ya kujenga ni yetu, na lawama pia.

Naona mikono. Tuanze na mama aliye pale nyuma.