Ufa Usiozibwa na Ukuta wa Seng'enge



Tumeombwa tuzungumze juu ya mpaka, nasi hatuna budi kuanza na msiba. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya kilio ikaja ahadi: Serikali ingejenga ukuta kwenye mpaka wa Somalia, mpaka wenye urefu wa kilomita 700 hivi, ili adui asiingie tena. Wananchi wengi waliipokea ahadi hiyo kwa matumaini, na hatuwalaumu. Mfiwa hutaka kuona jambo likitendeka.

Je, ukuta wenyewe uko wapi? Kilichojengwa ni ua wa seng'enge huko Mandera, mji unaotazamana na Bula Hawa ya Somalia, ambako watu ni jamaa na wamezoea kuuziana bidhaa. Machi 2019 Bunge lilipiga kura kuusimamisha mradi huo, baada ya kuelezwa kwamba shilingi bilioni 3.4 zilikuwa zimetumika kwa kilomita 10 tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuutazame ufa wetu. Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni ua gani ungemzuia mwenye kitambulisho cha nchi hii? Na mhalifu atokaye nje, akiwa na fedha, hana haja ya kujificha porini. Hupita barabarani, kizuizi baada ya kizuizi. Hongo ni lango lisilofungwa na seng'enge.

Lakini uko ua mwingine, mkongwe kuliko huu, nao umejengwa ndani ya nchi. Mkoloni aliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Baada ya uhuru, hali ya hatari iliyotangazwa huko mwaka 1963 ilidumu hadi 1991, mwaka ule ule kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikarudi. Novemba 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa wajiandikishe upya na kubeba kadi ya pekee, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Aprili 2014 maelfu walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Katiba ya 2010 yasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Wengi walikaa zaidi.

Sheria yetu humtaka mshitaki athibitishe kosa. Kwa Mkenya wa kaskazini kanuni hiyo iligeuzwa: yeye ndiye aliyetakiwa athibitishe kwamba si mgeni. Kijana wa Wajir alihojiwa na jopo la wazee na maofisa kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali mwenzake wa Nyeri hakuulizwa hayo. Wako pia Wakenya ambao, kwa njaa ya ukame, walijiandikisha katika kambi za Dadaab ili wapate chakula. Alama za vidole vyao zikawekwa katika orodha ya wakimbizi, wakanyimwa vitambulisho vya nchi yao.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba mahojiano hayo ya ziada yamekwisha. Twalikaribisha tangazo hilo. Hata hivyo, kinachotolewa kwa kauli chaweza kuondolewa kwa kauli.

Hatusemi mpaka uachwe bila walinzi; kila dola ina haki ya kujua nani aingiaye. Twadai mambo matatu. Kwanza, usawa katika kupata kitambulisho uandikwe katika sheria ya Bunge, usitegemee hisani ya mtu. Pili, anayekimbia vita asiadhibiwe kwa kuvuka bila hati, kwani Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya imeukubali, wakataza hivyo. Tatu, zile bilioni 3.4 zitolewe hesabu hadharani, shilingi kwa shilingi.

Wananchi wenzetu, askari mmoja anayelipwa vizuri na kukataa hongo hutulinda kuliko kilomita 10 za seng'enge. Naye mwananchi asiyeitwa mgeni kwao ndiye atakayekuwa wa kwanza kutoa habari za adui.