Mafuta ya Jirani, Fedha za Mkubwa: Yordani Ikingoja Vita vya Iraki, 2002–2003

Naomba nianzie barabarani kabla ya kufika ikulu.

Kati ya Iraki na Yordani hakukuwa na bomba la mafuta. Usiku na mchana malori ya matangi yalivuka mpaka wa Karama, yakapita Ruwaishid, mji mdogo uliozungukwa na jangwa, yakaenda kumwaga shehena kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Zarqa, jirani na Amman. Yordani yenyewe haina visima vya kutajika. Mwaka 2002 karibu mafuta yake yote yalitoka Iraki, yapata nusu yakiwa ya bure na yaliyobaki kwa bei ya kirafiki. Dereva wa teksi wa Amman, na mama aliyewasha jiko la mafuta ya taa Januari ili wanawe waote moto, wote walimtegemea Rais Saddam Hussein wa Iraki, wapende wasipende. Viwanda vya sabuni, dawa na mafuta ya kupikia navyo viliuza mali nyingi Baghdad.

Upande wa pili, hazina ya serikali na zana za jeshi zilitegemea sana msaada wa Marekani, hasa baada ya mkataba wa amani na Israeli wa mwaka 1994. Sasa mwenye mafuta na mwenye fedha wanataka kupigana, nawe umekaa katikati yao.

Tumezoea kusikia habari hii kwa mkato: wananchi walikuwa na Saddam, mfalme alikuwa na Rais Bush wa Marekani, basi. Mimi sikubaliani. Ninavyoona, mfalme na raia wake waliogopa jambo lilelile, yaani vita hivyo. Walichogombania ni nani aseme, na aseme kwa sauti kiasi gani. Ugomvi huo hauelewiki bila kurudi mwaka 1990.

Iraki ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, Mfalme Hussein wa Yordani alikataa kujiunga na majeshi yaliyoongozwa na Marekani, akataka Waarabu wayamalize wenyewe kwa wenyewe. Mitaa ikalipuka kwa furaha. Picha za Saddam zikabandikwa madukani, na watoto wakapewa jina lake. Mfalme hakuwahi kupendwa na watu wake kama miezi ile. Alifuga ndevu, akataka aitwe Sharifu kama babu zake wa Makka. Bili ikaja baadaye. Saudia ikakata mafuta, Marekani ikasitisha msaada, na Wayordani wapatao 300,000, wengi wao wenye asili ya Palestina, wakarudi kutoka Kuwait na Ghuba na masanduku yao, bila kazi. Bandari ya Aqaba, iliyokuwa lango la Iraki wakati wa vita vyake na Irani, ikapooza kwa vikwazo dhidi ya Iraki.

Kijana aliyekuwa na miaka kumi na tano wakati ule alikuwa na ishirini na saba mwaka 2002. Aliikumbuka fahari, na aliukumbuka ukata. Ndiyo maana nasita kuita hisia za mitaani mapenzi kwa Saddam. Wengi walijua vizuri jinsi alivyowatendea watu wake. Lakini kila jioni runinga iliwaonyesha vifaru vya Israeli ndani ya Jenin na Nablus, na kwa familia iliyokimbilia Yordani mwaka 1948 au 1967, Iraki na Palestina zilikuwa kesi moja. Kuambiwa kwamba silaha za Baghdad ndizo hatari kuu ya eneo hilo kulisikika kama dhihaka.

Hasira hiyo ingepitia mlango gani? Bunge lilikuwa limevunjwa Juni 2001 na uchaguzi ukawa unaahirishwa. Nchi iliongozwa kwa sheria za muda zaidi ya 200, mojawapo ikitaka kibali cha mkuu wa mkoa kabla ya maandamano au mkutano wa hadhara. Agosti 2002 ofisi ya Al Jazeera mjini Amman ikafungwa. Kwa hiyo siasa ikahamia kwenye vyama vya wanataaluma, yaani wahandisi, madaktari na mawakili, na kwenye chama cha Kiislamu cha Islamic Action Front. Mtu alikwenda kulipia ada ya leseni ya uhandisi akajikuta yuko katikati ya mhadhara wa kupinga vita.

Kisha mambo yakachacha. Tarehe 28 Oktoba 2002 Laurence Foley, afisa wa shirika la misaada la Marekani, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Amman. Mwezi uliofuata jeshi liliingia Ma'an, mji wa kusini. Zingatieni kwamba Ma'an si kambi ya wakimbizi wa Kipalestina. Ni mji wa makabila, watu ambao ufalme huwahesabu kuwa nguzo zake. Hapo ikulu ilikuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Mfalme Abdullah wa Pili, aliyekuwa amemrithi baba yake Hussein, alijibu kwa kuuma na kupuliza. Nje, aliwaonya wakubwa kwamba vita vingeivuruga Mashariki ya Kati nzima. Ndani, ikazinduliwa kaulimbiu ya "Yordani Kwanza", ikiwataka raia wayatangulize ya nyumbani kuliko ya Baghdad na Ramallah. Julai 2002 Mwanamfalme Hassan, ami yake mfalme, alitokea kwenye mkutano wa wapinzani wa Saddam jijini London, na minong'ono ikaanza kwamba ukoo wao wa Hashimu unakitamani tena kiti cha Iraki ulichopokonywa mwaka 1958. Serikali ikasema amekwenda kwa hiari yake. Februari 2003 ikakiri kwamba wako wanajeshi mamia wa Marekani nchini, ila wamekuja na mitambo ya Patriot ya kuzuia makombora. Sababu hiyo haikuwa uongo mtupu, kwani mwaka 1991 makombora ya Iraki yalipita juu ya vichwa vya Wayordani yakielekea Israeli. Lakini haikuwa kweli yote, maana jangwa la mashariki lilikuwa na makomando pia, na watu waliona.

Vita vilipoanza tarehe 20 Machi, watu mashuhuri wapatao mia, wakiwemo waliowahi kuwa mawaziri wakuu, walimwandikia mfalme wakitaka avitangaze kuwa haramu. Siku chache baadaye alizungumza na shirika la habari la Petra, akaomboleza raia wa Iraki waliokuwa wakiuawa. Vibali vya wanajeshi wa Marekani havikuguswa. Mwaka huohuo Washington ikaidhinisha msaada wa nyongeza uliopita dola bilioni 1, na majirani wa Ghuba wakaziba pengo la mafuta. Katika kura ya maoni ya Pew ya mwaka 2003, Wayordani waliosema wanaipenda Marekani walikuwa asilimia 1.

Huko Ruwaishid mahema yalikuwa yameshapigwa, kwa kuwa serikali iliogopa wimbi la wakimbizi kama la mwaka 1990. Wairaki waliofika wiki za kwanza walikuwa wachache sana. Waliotokea mpakani, vumbi hadi kwenye nyusi, walikuwa Wasudani na Wasomali waliokuwa wakiishi Iraki.