Mguu wa Mtoto na Gurudumu la Baiskeli

Leo tuzungumze juu ya safari ya baiskeli kwenye barabara za murram, hasa mtoto anayeketi nyuma.

Ninyi mnaoishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kutoka Kapsokwony mkishuka kuelekea Kimilili, mnazijua njia za huko. Pikipiki zimeongezeka tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea zile ndogo ushuru wa VAT. Hata hivyo baiskeli bado hubeba mahindi, maziwa, na mtoto anayepelekwa kliniki. Kupanda, tunasukuma tu. Hatari iko katika kushuka. Changarawe huteleza kama punje za mahindi sakafuni, baiskeli hutetemeka, na mtoto kwa hofu hubana miguu ndani ili asianguke. Hapo ndipo kisigino huingia kwenye spoki.

Mama, jeraha hili hudanganya. Mguu husagwa kati ya spoki na chuma cha baiskeli, lakini kwa nje waweza kuona mchubuko tu. Ngozi iliyosagwa hukosa damu, na baada ya siku chache huanza kuwa nyeusi na kufa. Chini yake kuna ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ambao bila huo mtu hawezi kusimama kwa vidole. Mfupa nao huenda una ufa. Kwa hivyo mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kama amenyamaza na anakunywa uji wake vizuri.

Mguu ukinaswa, usiuvute. Mwenye baiskeli asimame kabisa, alizungushe gurudumu nyuma polepole. Ikishindikana, spoki zikatwe kwa koleo. Spoki hununuliwa, kisigino hakinunuliwi. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi bila kufungua-fungua. Isipotoka kwa wingi, osha kwa maji safi mengi na sabuni, changarawe itoke, kisha funika. Msipake mafuta ya taa, jivu, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Asikanyage mguu huo, abebwe.

Beba kile kijitabu cha kliniki. Muuguzi atatazama kama mtoto alipata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ndani yake mna kinga ya pepopunda, na vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi.

Ikiwa ameanguka na kugonga kichwa, akatapika mara kwa mara, akasinzia kupita kawaida, akapata degedege, au maji ama damu ikatoka sikioni, hiyo ni safari ya hospitali mara moja, usiku au mchana.

Sasa tuje kwenye baiskeli yenyewe. Kipande cha wavu mgumu au ubao mwembamba, kikifungwa imara pande zote mbili za gurudumu la nyuma, huzuia miguu isiingie. Fundi wa kijijini aweza pia kuchomelea vyuma vya kukanyagia. Mtoto aketi akitanua miguu, avae viatu, na shuka au leso isining'inie karibu na cheni. Mpira wa breki ukiisha, ubadilishwe kabla ya safari.

Mtoto mchanga mgongoni, mama ameketi upande mmoja: hilo silipendi hata kidogo. Mkianguka kwa nyuma, yeye ndiye wa kwanza kufika chini.

Na mkifika kwenye mteremko mkali, au mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimechimba barabara, mwambie mwendeshaji asimame. Shukeni nyote, mtembee hadi mahali tambarare. Akinung'unika kwamba mnamchelewesha, mwache anung'unike.