Kompyuta ya Mwanafunzi: Ichunguze Kabla ya Kulipa

Mazungumzo na wazazi na vijana wa Mgololo, Wilaya ya Mufindi



Katika wilaya hii, fedha za kumpeleka mtoto chuoni mara nyingi hutoka katika shamba la miti au la chai. Mti huchukua miaka mingi hadi kuvunwa. Kompyuta mpakato hununuliwa kwa dakika chache. Kwa kuwa familia nyingi hazina uwezo wa kuinunua mara mbili, inafaa dakika hizo ziwe za uangalifu.

Kwanza, ijulikane kazi. Kijana anayekwenda Chuo Kikuu cha Iringa kusoma sheria ataandika, atasoma na kutafuta taarifa katika intaneti. Kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ya GB 8 itamtosha. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kusomea kompyuta ataandika programu na kuziendesha papo hapo. Huyo aione GB 8 kuwa ngazi ya chini, na akiweza achukue 16. Android Studio, inayotumika kutengeneza programu za simu, huhitaji angalau GB 8. Uliza pia kama RAM inaweza kuongezwa baadaye, maana katika baadhi ya kompyuta nyembamba imechomelewa kwenye ubao.

Pili, chagua hifadhi ya aina ya SSD, GB 256 au zaidi. Diski ya zamani inayozunguka huichelewesha hata kompyuta yenye prosesa nzuri, tena huharibika kwa urahisi ikitikiswa safarini.

Tatu, kibandiko cha i5 au i7 hakitoshi. Uliza ni kizazi cha ngapi. Core i5 ya kizazi cha 8 inaweza kuipita i7 ya kizazi cha 3. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 bila malipo, na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel, hukubali rasmi zile za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Kompyuta ya zamani zaidi yaweza kutumia Linux, ambayo ni ya bure na huwafaa wanaojifunza kuandika programu. Lakini chuo kiulizwe kwanza kama masomo yanadai Windows.

Kompyuta iliyotumika si kosa kuinunua. Kosa ni kuinunua bila kuiwasha. Fungua mipangilio, ulinganishe RAM na prosesa na maneno ya muuzaji. Bonyeza kila kitufe, jaribu Wi-Fi, kamera na chaja, na uhakikishe haina nywila ya mmiliki wa awali. Kisha, katika dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ikiwa ilikuwa Wh 50 na sasa ni 20, unauziwa chini ya nusu ya betri; bei na ijadiliwe kwa msingi huo.

Nne, haki yako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha na kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Lakini malalamiko husimama juu ya ushahidi. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uombe iandikwe aina ya kompyuta, namba yake ya utambulisho, kama ni mpya au imetumika, na muda wa dhamana. Ukikuta tangazo kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, uliza kabla ya kutoa fedha: ikiharibika wiki ijayo, nani ataitengeneza, na wapi? Jibu liwe kwa maandishi.

Kwa mkazi wa Mgololo, kurudi dukani Iringa au Mbeya ni nauli na siku nzima ya kazi. Muuzaji mwaminifu hatachukia ukikaa naye nusu saa ukiijaribu bidhaa yake. Anayekuharakisha ulipe kwanza, mwachie kompyuta yake, nenda duka la pili.